Magunia kumi yameingia, yametoka tisa

Kila masika, hapa kwenye kikaushio chetu cha mahindi, lalamiko ni lilelile: "Nimeleta magunia kumi, mnanipa tisa, moja mmelila." Juzi mama mmoja amelisema hilo mbele ya foleni nzima, na wenzake wakaanza kuhesabu magunia yao. Basi hesabu tuiweke hadharani.

Mahindi ya vuli hapa Morogoro mengi yanaingia ndani mvua za masika zikiwa zimeshapiga hodi. Ya mama yule tulipoyapima yalikuwa na unyevu wa asilimia 22. Maana yake katika kilo 1,000 za magunia kumi, kilo 220 ni maji, mahindi yenyewe ni 780. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Ukifika hapo, zile 780 pamoja na maji yaliyobaki zinakuwa kama kilo 902. Ndiyo magunia tisa hayo. Mizani iko mlangoni, tunapima ukiwepo, yakiingia na yakitoka.

Na tunatoza kwa gunia linaloingia kwa sababu dizeli ya feni na magunzi ya tanuri yanaishia kwenye maji yanayotoka. Mwenye mahindi ya asilimia 15 halipi sawa na wa 22. Bango la bei liko ukutani.

"Mbona kuanika ni bure?" Ni bure jua likiwepo. Februari tukiona jua la kueleweka, wenyewe tunamwambia mteja arudi nyumbani akatandike turubai. Aprili ni habari nyingine. Unaanika saa tatu, saa sita wingu limefunga, mnakimbizana na watoto kukunja turubai, mahindi yanamwagwa kwenye gunia yakiwa bado ya moto. Usiku yanatoa jasho. Kesho yake ingiza mkono mpaka katikati ya gunia: ukikuta vuguvugu, ukungu umeshaanza kazi. Hata makavu, yakilala wazi kwenye hewa ya masika, yanavuta unyevu upya.

Njia ya mkato inayotutia uchungu zaidi ni ile ya mifuko ya kinga njaa, ile ya kuhifadhia isiyopitisha hewa. Mifuko ni mizuri, hata sisi tunaiuza. Lakini mzee mmoja aliona bei ya kukausha ni wizi, akanunua mifuko, akajaza mahindi mabichi na kuifunga barabara. Juni alituletea mmoja tuufungue. Ulinuka togwa iliyochacha, punje zimeshikana mabonge, ng'ombe wenyewe wasingestahili kupewa. Mfuko unazuia hewa, hautoi maji. Dawa ya kuhifadhia nayo inaua dumuzi, haikaushi. Na ukungu ukileta sumukuvu, huioni kwa macho, wala kupika hakuiondoi. Dodoma na Manyara mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo.

Wapo pia wanaotaka tuongeze moto wawahi gari la jioni. Hatuongezi. Punje ikikaushwa kwa pupa inapata nyufa ndani, ikifika kwenye kinu inavunjika chenga, halafu mwenye kinu anakata bei na jina linaloharibika ni letu. Mahindi ya mbegu ndiyo kabisa, hatupitishi nyuzi joto 43 za Selsiasi, kwa hiyo yanakaa sana na bei yake iko juu. Asiyetaka kusubiri hatumlazimishi.

Kung'ata punje na kusema "inalia" hakutoshi. Ukiwa nyumbani, chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu na punje, tikisa vizuri, iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, usihifadhi. Isipogandia, bado lete tupime.

Kupima sampuli hatutozi. Chota katikati ya gunia, siyo juu, na uitie kwenye chupa yenye kifuniko. Ukiifunga kwenye ncha ya khanga ukaja nayo kwa bodaboda, itafika imekauka njiani, na kipimo kitakudanganya kwa faida ya nani?