Nimelipishwa kwa kusema sina pesa

Bw. Mhariri,

Mara ya mwisho kuwaandikia nililalamikia feri ya Likoni, na feri mnajua bado iko vile vile, kwa hivyo nikanyamaza miaka mingi. Lakini ile ripoti yenu ya juzi ya watu walioshindwa kulipa mogeji, yaani mkopo wa nyumba, imenitoa kwenye kimya. Yule mtaalamu wenu wa tai nyekundu anasema ukiona umeanza kuzama usijifiche, nenda mapema ukaongee na benki. Sawa. Mimi nilienda mapema, sasa acha niwaambie ilinigharimu ngapi.

Nyumba yangu iko Mtwapa. Niliichukulia mkopo wa milioni 3.6 mwaka 2017, wakati riba ilikuwa imewekewa kikomo na sheria, asilimia 14, nalipa kama elfu 48 kwa mwezi na maisha yanaenda. Kazi yangu ni klaringi, kutolea watu mizigo pale bandarini. 2019 ikaja amri makontena ya Nairobi yapande treni ya SGR, ofisi zetu zikafungwa moja baada ya nyingine, Novemba mwaka huo huo ile sheria ya riba nayo ikaondolewa, na 2024 Benki Kuu ilipopandisha riba yake hadi asilimia 13 nikajikuta nalipa elfu 55 kwa nyumba ile ile na choo kile kile kinachovuja.

Nikachelewa mwezi mmoja. Wa pili nikaona hapana, nikavaa shati la Ijumaa nikaenda kwa afisa wa mikopo, nikamwambia dada, hali ni hii, nipangieni upya. Akanisikiliza vizuri, hata maji akanipa. Wiki mbili baadaye nachukua stetimenti: ada ya kupanga mkopo upya, asilimia 1 ya milioni 2.8 zilizobaki, yaani 28,000, juu yake ushuru wa serikali asilimia 20, jumla 33,600. Mtu amekuja kukwambia hana pesa, wewe unamuuzia risiti ya kukosa pesa! Halafu barua ya wakili, karatasi moja na nusu, 15,000 na VAT 2,400. Halafu valua, mtu wa kukadiria thamani ya nyumba. Huyu valua nataka mumjue vizuri. Alikuja saa saba mchana juu ya bodaboda, hakushuka, hakuvua helmeti, akatoa simu akapiga picha mbili akaondoka, mke wangu yuko uani anaanika nguo anamwangalia tu akidhani ni watu wa stima. Ripoti ilipokuja geti ni la kijani na mbele yake kuna mbuzi. Geti langu ni jeusi, mbuzi sijafuga maishani mwangu, hiyo ni nyumba ya jirani! 20,000 na VAT 3,200. Nikapiga simu kulalamika, wakaniambia naweza kuomba thamani ifanywe upya, kwa gharama yangu.

Tukatoa 80,000 za mke wangu kwenye sako tukalipa. Hesabu mwenyewe Bw. Mhariri, ada zote hizo ni 74,200 na benki inajilipa ada kwanza, nyumba baadaye. Zikabaki 5,800, nazo zikaliwa na faini ya kuchelewa. Deni halikusogea hata shilingi, na tarehe 6 asubuhi kijana wa kupiga simu ananiita "boss" ananiambia wanauza Ijumaa. Ijumaa gani? Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema nipewe notisi ya miezi mitatu, kisha ya siku 40, ndio aje dalali. Nilipomwambia hivyo akakata simu.

Wasomi watasema kuna kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, tangu 2007, kwamba mkopo ukishalala, yaani umeacha kulipwa, riba haiwezi kuzidi lile deni lililobaki siku ulipolala. Nimekisoma. Soma na wewe mpaka chini, gharama za kufuatilia deni zimeachwa nje ya kikomo hicho. Yaani mlango wa mbele wameutia kufuli, wa uani hata komeo hauna, na hapo ndipo anapoingilia wakili, valua na dalali, kila mmoja na risiti yake.

Na huku mke wangu ni mwalimu, kila mwezi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Tunajengea watu wengine nyumba huku yetu inapigwa picha na mtu wa bodaboda, tena ya jirani. Na nyinyi gazeti msijitoe, zile kurasa za minada mnazochapisha zinalipwa na nani? Tangazo linawekwa kwenye deni la yule yule anayeuziwa nyumba.

Dawa ipo na ilishatumika. Machi 2020 wakati wa korona Benki Kuu ilisema mikopo ipangwe upya na gharama zibebwe na mabenki yenyewe. Mimi nilisongezewa malipo wakati huo bila kutoa hata ndururu, na benki haikufa, bado wana mabango kila mzunguko wa barabara. Basi irudishwe hiyo. Na valua yeyote ashuke kwenye pikipiki, aguse geti kwa mkono wake mwenyewe, mwenye nyumba amsainie hapo hapo, bila saini hakuna 23,200.

Yule mtaalamu wenu mwambieni namkaribisha Mtwapa, twende wote benki tukaongee mapema. Aje na 33,600 zake.

Msomaji wenu,
Mtwapa, Kilifi