Barua kwa Mwanaidi, kutoka Berlin

Berlin, Novemba

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi sana. Mie mzima, ila baridi imeshaanza kutunyoosha.

Uliniuliza Waafrika walianza kuishi Berlin lini, maana wanafunzi wako wanadhani ni mambo ya juzi. Waambie aliyekuwa akifundisha Kiswahili hapa mwaka 1900 ni mtu wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari. Baadhi ya wanafunzi wake walikuwa maofisa waliojiandaa kuja kututawala! Mwaka 1904 akamwoa Mjerumani, Bertha Hilske, na mwaka uliofuata wakapanda meli kurudi kwao. Serikali ya kikoloni Dar es Salaam ikakataa katakata Mzungu yule aishi pale na mume Mwafrika. Wakageuzwa na meli. Mtoro akafia Berlin mwaka 1927.

Watu wa Kameruni nao walikuwepo. Martin Dibobe aliletwa mwaka 1896 kuonyeshwa kwenye maonyesho ya makoloni kule Treptow, watu walipe kiingilio wamtazame. Akabaki, akawa dereva wa treni za chini ya ardhi. Mwaka 1919 yeye na wenzake 17 wakaliandikia bunge wakidai haki sawa, na kwamba watu wa makoloni wasipigwe wala kufanyishwa kazi za shuruti. Unadhani walisikilizwa?

Lakini anayeninyima usingizi ni yule wa Dar es Salaam, Bayume Mohamed Husen. Vita vya 1914 vilimkuta mtoto wa miaka kumi, akaingizwa jeshini kwa Wajerumani pamoja na baba yake askari. Mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wao wa vita. Wakamnyima. Hakuondoka, akawa mhudumu wa mezani Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe, huku akisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1933 akamwoa Maria Schwandner. Akaomba nishani ya wapiganaji, wakamnyima nayo. Akajinunulia mwenyewe, akaivaa. Hapo huwa namkasirikia, shoga, halafu najiuliza: kama ni haki yako uliyoitolea jasho, unaachaje kuidai?

Kazi ya mezani ilipokwisha, akategemea zaidi kuigiza kwenye filamu. Ya mwisho, ya mwaka 1941, ilimsifu mkoloni Carl Peters, yuleyule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huohuo Wanazi wa Hitler wakamkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kizungu, wakampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kesi yoyote. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi, mtaa wa Brunnenstraße, kuna kibamba cha shaba kilichopachikwa kwenye njia ya miguu mwaka 2007. Ni kidogo, hata kiganja changu kinakifunika. Kimeandikwa jina alilozaliwa nalo, Mahjub bin Adam Mohamed, na watu wanapita juu yake na mifuko yao ya sokoni. Nilikifuta kwa kitambaa, bibi mmoja akasimama kuniuliza ni ndugu yangu. Nikamjibu ndiyo.

Sasa nawe nifanyie kazi: waulize wazee wa hapo Bagamoyo kama kuna anayeujua ukoo wa Mwinyi Bakari. Na usinijibu kwa meseji, niandikie barua ndefu.

Msalimie mama na watoto wote.

Shoga yako,
Zuhura