Jamani tuangalie kebo za antena kabla mvua hazijaanza

Ndugu Mhariri,

Naandika kutoka Mikindani. Mimi ni mtu wa redio amatea, yaani ya kuongeana hewani kwa kupenda tu sio kwa biashara, ile ya leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ambayo alama zetu za kuitana hewani hapa Tanzania zinaanza na 5H. Naomba unipe nafasi niongelee kebo, yaani ule waya mweusi unaoshuka toka kwenye antena mpaka kwenye redio, maana huku pwani hela yote tunamalizia kwenye redio na antena alafu kebo tunaifunga ilimradi, na ndo inayotuangusha.

Msimu uliopita nilikua na daipoli, yaani antena ya waya yenye mikono miwili, ya bendi ya mita 40 (huo ni urefu wa wimbi sio wa waya), kila mkono kama mita kumi, mwisho mmoja kwenye nyumba mwingine kwenye mnazi. Kidogo kidogo wenzangu wa Dar wakaanza kulalamika hawanipati vizuri. Nikaangalia mita ya SWR, ile inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi toka kwenye antena (1 maana yake hakuna kinachorudi), inasoma 1.2 wakati siku nafunga ilikua 1.6, nikajua antena iko poa kuliko mwanzo, basi tatizo redio. Nikaipeleka kwa fundi akaifungua, nikalipa, hakuna alichokuta. Siku nimepanda juu ya bati ndo nikaona, pale kebo inapopita ukingo wa bati upepo wa kusi ulikua unaisugua miezi yote ile, ganda limekatika kama limepitishwa kisu. Nikalichana. Ule wavu wa shaba wa ndani umeota kijani, sehemu nyingine mweusi, ukiugusa unatoka unga, na sio pale tu, ni karibu mita mbili kwenda chini maana maji ya chumvi yanafyonzwa na wavu kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa.

Na ile SWR nzuri? Kebo ilikua inakula nguvu wakati wa kupanda, na kile kidogo kilichorudi toka kwenye antena nacho kinaliwa wakati wa kushuka, sasa mita ikiona hakuna kinachorudi inasema mambo safi. Kwahiyo ukiona SWR imeshuka yenyewe bila wewe kugusa kitu usifurahi, panda juu ukaangalie kebo.

Safari hii nimefanya hivi. Ukingo wa bati nimeuvalisha kipande cha bomba la plastiki, kebo inapita ndani, na nimeifunga kila baada ya nusu mita hivi isipate nafasi ya kucheza. Tai za plastiki natumia nyeusi, zile nyeupe jua letu linazikausha zinakatika, na sizikazi mpaka kebo ibonyee maana ikibonyea ndani umbali wa shaba na wavu unabadilika na zile ohmu 50 za kebo zinazolingana na redio haziko tena. Kona nayo usiikunje kama kamba ya mbuzi, kebo nyembamba ya RG-58 isipinde kwa duara dogo kuliko mdomo wa bakuli, na ile nene ya RG-213 duara lisiwe dogo kuliko sahani ya wali. Halafu uzito, RG-213 mita kumi ni kama kilo moja na nusu, ukiiacha ining'inie kwenye lehemu pale katikati ya daipoli lazima ing'oke, ifunge kwanza kwenye kile kiplastiki cha katikati ndo ulehemu.

Konekta ya PL-259, ile inayofungwa mwisho wa kebo, haizuii maji hata kidogo. Izungushie tepu ya mpira, ile unayoivuta inajishika yenyewe, na anzia chini kwenda juu kama tunavyoezeka makuti, kila mzunguko ulalie wa chini yake ili maji yateleze nje. Kabla ya tundu la ukutani kebo iache ishuke chini ya tundu alafu ndo ipande kuingia, matone yadondokee pale chini. Mimi ya kwanza niliinyoosha tu dirishani, mvua moja maji yakafuata waya mpaka kwenye pawa saplai.

Mnazi nao. Mjomba wangu mvuvi alipoona kamba yangu inayoshika mwisho wa antena akaniuliza, "Mjomba, mnazi unayumba na kamba yako haiyumbi, unategemea nini kikatike?" Sasa nina kapi juu ya mnazi, kamba inapita humo na mwisho wake nimefunga ndoo ya mchanga, mnazi ukiyumba ndoo inapanda na kushuka.

Radi sitaki mtu aichukulie poa. Weka athi rodi nje (ile nondo ya kuzamisha ardhini), kizuia radi kabla kebo haijaingia ndani, rodi hiyo iunganishwe na athi ya nyumba, na wingu likiwa bado mbali chomoa kebo uiache nje. Na kebo wala antena isipite juu wala chini ya nyaya za umeme, hata kama ndo njia fupi.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ya Dar ilikatika kule Somanga, haikupita muda kebo za baharini nazo zikaharibika intaneti ikawa shida nchi nzima. Wakati kama ule redio yako ikiwa na kebo iliyooza hutamsaidia mtu.

Naomba barua hii itoke kabla ya Novemba, mvua zetu za kusini ni msimu mmoja na zikianza hakuna kupanda bati. Kile kipande kilichoota kijani ninacho bado, nimekitundika juu ya redio, fundi yeyote wa Mtwara au Lindi anayetaka kukiona aje.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara