Parachichi changa linawaharibia soko wakulima wadogo

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie uvunaji wa parachichi changa, tabia ambayo kwa maoni yangu inawaumiza wakulima wadogo kuliko hata wadudu wanaolalamikiwa kila msimu. Parachichi hukomaa mtini lakini huiva baada ya kuchumwa, hivyo si rahisi mnunuzi kulitambua changa kwa macho, na lililowahiwa kuvunwa husinyaa, likawa gumu kama mpira na kukosa ladha.

Kwa aina ya Hass, masoko mengi hudai nyama ya tunda iwe na takriban asilimia 21 au zaidi ya uzito usio maji. Kupima hakuhitaji maabara: mkulima akate vipande vyembamba vya gramu 100, avikaushe polepole katika oveni bila kuviunguza hadi uzito usishuke tena, kisha avipime upya, zikibaki gramu 17, asubiri. Mizani ndogo ya jikoni inatosha, na kikundi kinaweza kuichangia.

Najua madalali hufika mapema na fedha mkononi, wakati madeni yanabisha hodi. Ndiyo maana vikundi vyenyewe vipange tarehe ya kuanza kuvuna baada ya kupima matunda ya miti kadhaa, na vimkatalie mwanachama anayechanganya machanga na yaliyokomaa katika kreti moja, kwani mnunuzi akiyagundua hushusha bei ya mzigo mzima. Aidha, tunda likatwe kwa mkasi na kuachiwa kikonyo kifupi. Kulinyofoa huacha kidonda kinachokaribisha ukungu.

Wako,
Mkulima wa parachichi