Kaka, ulinisemesha kwenye mbofyo wa tatu

Kaka'ngu, assalaamu alaikum.

Shangazi ameshanifikishia malalamiko yako kutoka huko Maskati: dada hapokei simu, dada amekuwa jiwe. Sijawa jiwe. Simu za watu wote napokea, hata za wanaodai mikopo. Yako ndiyo naitazama ikiita mpaka inakatika, na leo nakwambia sababu mbele ya watu, kwa kuwa tukiwa wawili huwa unanikata kauli.

Unakumbuka ile PlayStation 2 aliyotuletea Mjomba, pedi moja ikafa hata Ramadhani haijaingia. Mpira ukatushinda, mpira unataka pedi mbili. Ndipo ikafufuliwa ile diski ya gofu, Everybody's Golf, iliyokuwa imedharauliwa chini ya meza. Gofu ni ya kupokezana: piga wewe, nipe pedi, nipige, nimpe Baba. Vijana wa mtaa wakatucheka, eti vikatuni vya vichwa vikubwa ni vya watoto. Laiti wangemwona Baba anavyousoma mshale wa upepo! Siku ile alipotupitisha barabara ya Mama Ngina, Mombasa, kula mihogo, akasimama kuwatazama wazungu na mabwana wakubwa wakipiga gofu ya kweli kando ya bahari. Alipoambiwa uwanja ule una mashimo 9, akasema, "Basi wetu mkubwa, wetu una 18."

Wewe ndiye uliyekuwa mwalimu. Wewe ndiye uliyetuambia kwamba gemu ya kwanza ya jina hilo ilitoka Japani mwaka 1997, kazi ya kampuni ya Camelot, ambao baadaye wakaenda kumtengenezea Mario gofu yake, na kuanzia ya pili ikashikwa na kampuni ya Clap Hanz. Uligombana na jirani aliyeapa kwamba Hot Shots Golf ya Marekani ni gemu nyingine kabisa, si hii Everybody's Golf yetu, mpaka ukamtoa jasho. Na ulikuwa na subira ya kumfundisha mzee aliyekuwa haijui hata rimoti ya televisheni. Hilo sikunyimi, Mungu akulipe.

Kwa asiyeijua gemu hii: chini ya skrini kuna mstari. Mbofyo wa kwanza, alama inaanza kwenda. Wa pili, unaikata pale nguvu inapokutosha. Kisha alama inarudi, na mbofyo wa tatu lazima uinase kwenye kijisehemu chembamba. Ukiwahi au ukichelewa, mpira unapinda. Kati ya wa pili na wa tatu ni kufumba na kufumbua, na nyumba nzima ilijua kwamba hapo hapasemwi neno. Mama alikuwa akishikilia mwiko hewani.

Wewe ukasema hapo hapo.

Shimo la mwisho, nakuongoza kwa pigo moja, maji mbele yangu, bendera ng'ambo. Baba ameegemea mto, tasbihi mkononi. Nimebofya, nimebofya, alama inarudi, na wewe bila kunitazama: "Viza imetoka. Naondoka Alhamisi." Kidole kikachelewa. Mpira ukapinda kulia ukazama majini, na kedi wangu, yule mbeba fimbo, pale kwenye skrini akanyong'onyea. Wewe ukanyoosha mkono kuitaka pedi. Zamu yako! Ukapiga, ukashinda, ukajiandika kwenye daftari la matokeo, na Baba bado hajatamka kitu.

Sisemi ulikuwa unatafuta ushindi. Ulikuwa unatafuta wakati ambao macho yetu sote yako kwenye televisheni. Ungetuambia tukiwa kwenye sinia, Mama angelia mbele yako, na Baba angekuuliza nani atakaa dukani. Hukutaka kuulizwa.

Kwenye hitma ya Baba ukarudia yale yale. Watu wameinua mikono, dua inasomwa, simu inatetemeka mapajani kwangu: "Nyumba tuiuze, mteja nimepata." Kaka! Hata amina hatujaitikia.

Nikushauri, ingawa mimi ndiye mdogo. Habari nzito mpelekee mtu akiwa amekaa, uso kwa uso, umpe nafasi ya kukujibu. Mimi Baba alipopooza upande sikukwambia ukiwa juu ya jengo, nilingoja ushuke kazini. Kuna wanaosema nilikuficha. Sikuficha, nilingoja, na mtu mwenye akili anajua tofauti yake. Funguo za nyumba ninazo mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikifungua mlango usiku kumkimbiza hospitali. Mabati mapya nimetia mimi. Bili ya maji ile ya nyuma nimelipa mimi, na risiti zipo. Sasa huyo anayesema nimeikalia nyumba, angetaka niikalie nani?

Haya. Umemletea mpwa wako Switch, mashine ya gemu, na Everybody's Golf mpya ndani, ile ya 2025. Imetolewa na Bandai Namco, walioiunda ni HYDE, wale Clap Hanz wako hawamo, na nilikuwa tayari kuichukia kwa hilo. Mtoto akaniwekea mkononi. Mibofyo ni ileile mitatu, kaka, na kidole hakijasahau. Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akaniuliza nina nini.

Unataka tucheze kwa intaneti Ijumaa. Nitacheza, baada ya Isha ya huku, na kwenu saa itakuwa moja mbele, usije ukasinzia. Maiki izime. Sitaki kusikia hata kikohozi chako.

Lakini gofu ni gofu na nyumba ni nyumba. Karatasi ya mteja wako sijaitia sahihi, wala sitaitia mpaka uje mwenyewe uketi kwenye mkeka uyaseme hayo mbele ya Mama. Na Shangazi usimtume tena kwangu, magoti yanamuuma.