Barua kwa Mama Zuhura: Treni Inavyopanda Mlima

Luzern, Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Zuhura,

Salaam nyingi kutoka huku Uswisi kwenye baridi. Ile sauti uliyonirekodia dukani kwako Buyenzi, Bujumbura, nimeisikiliza yote, hadi cherehani ya jirani nimeisikia. Pole sana kwa vitenge vyako kukwama mpakani. Lori limebeba mali ya watu, na wewe umekaa huku wateja wa Idi wanakuulizia!

Swali lako limenichekesha, halafu likaninyima usingizi. Eti mimi niliyeko kwenye nchi ya milima isiyo na bahari kama yenu, nikwambie treni itapandaje milima ya Burundi. Tangu wazindue kule Musongati, Agosti 2025, ujenzi wa reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, naona Buyenzi nzima mmekuwa mainjinia.

Mimi nahudumia wazee tu. Lakini treni ndiyo miguu yangu huku, na mzee mmoja ninayemwogesha aliendesha treni za Gotthard, njia inayovuka milima ya Alpi kuelekea Italia, miaka mingi. Nikimvisha soksi, ananipa darasa.

Usidhani Waswisi walizaliwa na reli. Mwaka 1847 reli yao ya ndani ilikuwa moja, fupi, ya Zürich kwenda Baden, na watu wakaibandika jina la kitafunwa kilichokuwa kikitoka Baden. Kisha serikali ikawaachia kampuni binafsi wajenge, wakagombana kama wauza samaki. Kampuni moja iliyojiita Reli ya Taifa ilifilisika mwaka 1878, na miji iliyoidhamini, kama Winterthur, ikalipa deni hilo miaka na miaka. Wananchi wakachoka, mwaka 1898 wakapiga kura reli kubwa zichukuliwe na serikali. Shirika la taifa lilianza kazi mwaka 1902.

Sasa mlima wenyewe. Ukitoka Erstfeld kwenda Göschenen, treni inatakiwa ipande zaidi ya mita 600, na ile ya kawaida haiwezi kwenda kichwa juu kama mbuzi. Pale Gotthard kila mita 1,000 inapanda mita 27 hivi, basi. Sasa wakafanyaje? Wakairefusha njia makusudi. Inaingia mlimani, inazunguka humo gizani kama nyoka aliyejikunja, inatokea juu kidogo, inageuka ilikotoka, inageuka tena. Kijiji cha Wassen kina kanisa dogo jeupe. Mara ya kwanza unaliona juu yako, mara ya pili mko sawa, mara ya tatu liko chini. Siku ya kwanza nilidhani tumepotea.

Ndipo unafika kwenye handaki la kilomita 15, lililochimbwa kuanzia 1872 hadi 1882. Wachimbaji wengi walikuwa Waitaliano. Mwaka 1875 waligoma pale Göschenen, wanamgambo wakawapiga risasi, wanne wakafa. Ajali ziliondoka na wengine karibu 200, mbali na waliouawa na maradhi. Hata mkandarasi, Louis Favre, alianguka humo humo ndani akafa mwaka 1879. Pande mbili zilipokutana Februari 1880, inasimuliwa kwamba kitu cha kwanza kupitishwa kwenye tundu kilikuwa picha yake. Mzee wangu akifika hapo hunyamaza, nami humalizia soksi ya pili.

Pesa je? Hapa ndipo nilipokukumbuka. Katika faranga milioni 85 za msaada zilizoahidiwa kwanza, Italia ilitoa 45, Ujerumani 20, na Uswisi yenyewe 20. Jirani alilipa zaidi ya mwenye mlima, kwa sababu jirani ndiye aliyetaka kupita! Kukosa bahari si kukosa neno mezani. Nyinyi mna nikeli ya Musongati, na hiyo ndiyo inayofanya watu wazungumzie reli kutoka Uvinza kwa uchu. Ila nikeli ikiwa ndiyo abiria mheshimiwa, mwenye vitenge na mwenye maparachichi wapewe nafasi gani? Mimi hilo linanisumbua kuliko mlima.

Tena reli nyembamba isidharauliwe. Kule mkoa wa Graubünden wana reli ya upana wa mita moja, upana ule ule wa treni yetu ya Kigoma uliyokuwa ukiilalamikia. Kwa kuwa ni nyembamba inakata kona kali, na tawi lake la Bernina linapanda hadi mita 2,253 juu ya usawa wa bahari bila meno. Meno nayo yapo: kwenye mlima Pilatus, hapa juu ya Luzern, kuna treni ambayo penye mwinuko mkali kabisa inapanda mita 48 kwa kila mita 100, gurudumu lake linauma reli yenye meno. Nimeipanda mara moja nikiwa nimefumba macho.

Hili la mwisho ndilo nililotaka kukwambia tangu mwanzo. Mwaka 2016 walifungua handaki jipya la Gotthard, kilomita 57, chini kabisa ya mlima, sehemu ya pesa zikitoka kwenye tozo ya malori makubwa. Dunia nzima ikapiga makofi. Mimi kinachonishangaza ni ratiba. Treni za pande zote huingia kwenye stesheni kubwa kabla kidogo ya saa kamili, watu wanabadilishana, zinatoka pamoja. Ili hilo litimie, Zürich hadi Bern ilibidi iwe chini ya saa moja, basi wakajenga kipande kipya cha njia na tangu Desemba 2004 ni dakika 56. Wangeweza kukazana ishuke zaidi? Huenda, lakini ya nini, kama utakaa kusubiri? Walipanga ratiba kwanza, ndipo wakajua wachimbe wapi. Hata basi la njano la kijijini linasubiri treni, nami nimeshuka stesheni ya vichakani usiku, theluji hadi magotini, na basi lile lipo, dereva anatafuna tufaha.

Kwa hiyo mainjinia wa Buyenzi wakibishana treni itakwenda kasi gani, wewe waulize: ikifika Gitega saa nane mchana, nani anaipokea? Basi la kwenda Ngozi lipo? Lori dogo la sokoni lipo?

Panapo majaliwa nakuja Desemba. Nitashuka Dar, nipande treni ya umeme hadi Dodoma, kisha ile yetu ya zamani hadi Kigoma nikamsalimie mama Ujiji, halafu nivuke kuja kwako. Usiniambie nipande ndege. Niwekee doti mbili za kile kitenge cha bluu, kama kimeshavuka mpaka.

Nisalimie Zuhura na baba yake.

Ni mimi,
Mama Rama