Yah: Malalamiko kuhusu kozi ya ala za vipimo na PLC isiyokuwa na ala

Meneja wa Mafunzo,

Nilihudhuria kozi yenu ya siku 5 ya ala za vipimo na PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo), mliyoitangaza kuwa ni ya vitendo. Kabla ya kulipa niliwaandikia swali moja tu: je, kila mshiriki atashika PLC na transmita (kifaa kinachopima kitu kama presha na kutuma kipimo kwa mkondo wa umeme) kwa mikono yake? Mkajibu ndiyo. Kwa jibu hilo niliacha kozi nyingine ambayo tarehe zake zilinifaa zaidi.

Tulichokikuta ni kompyuta 12 na PLC moja iliyofungiwa kwenye kabati la kioo. Taa zake za kijani zilikuwa zinawaka, tukaziangalia kwa nje siku zote 5, huku kazi yote tukiifanya kwenye programu ya kuigiza mitambo. Mkufunzi simlaumu. Lugha ya ngazi, ile ya kuandikia programu za PLC, anaijua hasa, na jinsi alivyoeleza mzunguko wa PLC, kwamba husoma kwanza hali ya sensa, ikatekeleza programu, ndipo ikaamuru vali na mota, sijaisahau. Ila tulipomuuliza kalibreta, kifaa cha kuhakiki usahihi wa ala, iko wapi, alicheka akasema imefungiwa ofisini.

Wiki mbili baada ya kurudi kazini, kipimo cha presha kwenye skrini kilianguka ghafla. Nikafungua kompyuta, nikaanza kupekua programu mstari kwa mstari, maana ndicho nilichofundishwa. Nilifika hadi kuchezea hesabu ya kugeuza mkondo wa transmita kuwa bar, kizio cha presha (aibu hiyo naibeba mwenyewe). Saa nzima ikapita. Fundi mwenzangu akaja na mita, akaiunga kwa mfululizo kwenye waya wa transmita: miliampia 0. Mkondo wa transmita ile ni wa miliampia 4 hadi 20, na unaanzia 4 kwa makusudi, ili 0 ikuambie kwamba waya umekatika au umeme haufiki, usidhani presha imekwisha. Waya ulikuwa umechomoka kwenye terminali. Akaurudisha, akakaza skrubu, mtambo ukaendelea.

Kwenye programu yenu ya kuigiza, waya hauchomoki.

Sikutegemea makubwa. Kalibreta moja ingetosha kutuonyesha namna ya kuingiza miliampia 4, 8, 12, 16 na 20 na kulinganisha na skrini: kwa transmita ya bar 0 hadi 10, miliampia 12 lazima isome bar 5. Cheti mlichonipa kinasema nimefuzu "uungaji na kalibresheni ya ala". Sijaunga waya hata mmoja, na siwezi kumwonyesha mwajiri wangu karatasi hiyo.

Kwa hiyo naomba mnipatie siku 2 za mazoezi kwenye vifaa halisi, watu wasiozidi wawili kwa kifaa, bila malipo ya ziada. Kama hilo haliwezekani, nirudishiwe nusu ya ada. Na neno "vitendo" liondoeni kwenye tangazo hadi kabati lile lifunguliwe. Kuna watu wanachagua kozi kwa neno hilo tu, kama nilivyofanya mimi.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nimeambatanisha nakala za tangazo, jibu lenu la awali, risiti na cheti.

Wenu,
Mshiriki wa kozi, fundi wa matengenezo